Kilichotolewa Baharini ni cha Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mali Iliyookolewa Maafani katika Sheria ya Kiyahudi

Maswali haya huja kutoka kwa watu wa aina mbili. Wapo wanaosoma sheria za dini mbalimbali na kuzilinganisha. Na wapo wasomaji wa Biblia wanaoijua amri ya kurudisha kilichopotea, halafu wakasikia kwamba Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi kuhusu sheria, inamruhusu mtu kubaki na mali aliyoitoa baharini, wakashtuka. Mimi si rabi, na ukurasa huu hautoi hukumu. Ni maelezo ya mtu aliyeisoma mada hii miaka mingi na bado anaipenda.

Kwa ufupi: nikiokoa mali ya mtu kwenye mafuriko, inakuwa ya nani?

Kwanza uliza kama mwenyewe alikuwa na uwezo wa kuiokoa. Ikiwa maji yalikwisha kuichukua kiasi kwamba si yeye wala mtu mwingine angetarajia kuipata tena, ni yako. Ikiwa angeweza kuipata kwa taabu, na yuko njiani anaifuata, ni yake. Ikiwa angeweza kwa taabu lakini hakujishughulisha, huhesabiwa kwamba amekata tamaa, na mali ni yako. Baada ya hapo linakuja swali la pili, zito kuliko la kwanza: je, ukishaambiwa ni yako, uichukue?

Torati si imeamuru kurudisha kilichopotea?

Imeamuru, na kwa ukali. Kumbukumbu la Torati 22:1-3 inataja ng'ombe, kondoo, punda, vazi, na kila kitu kilichompotea ndugu yako, na inakukataza kujifanya hukuona. Lakini marabi waliisoma aya ya tatu neno kwa neno. Inasema kitu "kilichompotea" yeye, nawe "ukakiona". Rabi Yohanan, akinukuu kwa mwalimu aliyemtangulia, alieleza hivi: amri inahusu kitu kilichompotea yeye lakini bado kinapatikana kwa watu wengine. Kilichompotea yeye na kikawapotea watu wote hakimo ndani ya amri hiyo. Funguo zilizoanguka sokoni zimempotea mwenyewe tu, maana mpita njia yeyote anaweza kuziokota. Sanduku lililomezwa na bahari limeupotea ulimwengu mzima.

Hoja hii iko katika Bava Metzia, kimojawapo cha vitabu vya Talmudi, ukurasa wa 22b. Maana yake ni kwamba sheria haimwambii mwokoaji, "Umesamehewa wajibu wa kurudisha." Inamwambia kwamba umiliki wa yule wa kwanza ulikwisha pale maji yalipofunika.

"Zuto shel yam" ni nini hasa?

Ni maneno ya Kiebrania yanayotajwa kila mada hii inapoguswa, sambamba na "shlulito shel nahar", yaani mto unapovunja kingo zake na kufurika. Msomaji wa pwani ataielewa zuto shel yam upesi kuliko wengi. Rashi, mfafanuzi mkuu wa Talmudi aliyefariki mwaka 1105, anaeleza kwamba bahari hurudi nyuma parsa (kipimo cha kale cha umbali) kumi au kumi na tano, kisha hurejea na kuzoa kila ilichokikuta njiani, na hufanya hivyo kila siku. Aliishi Troyes, Ufaransa, mbali na bahari, lakini anachokieleza ni maji kupwa na maji kujaa. Aliyeacha kapu lake mchangani wakati wa bamvua hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Orodha kamili iko Bava Metzia 24a, kwa jina la Rabi Shimoni ben Elazari: anayeokoa kutoka kwa simba, dubu, chui na wanyama wengine wakali, kutoka katika kujaa kwa bahari na katika mafuriko ya mto, na anayeokota katika barabara kuu au uwanja wenye watu wengi. Vyote hivyo ni vyake, kwa sababu wenyewe hukata tamaa.

Mwenyewe akiwa amesimama palepale ufukweni, anapiga kelele kwamba ni mali yake?

Bado ni ya mwokoaji. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria cha Yosefu Karo kilichochapwa Venice mwaka 1565, kinasema wazi: ni yake hata kama mwenyewe amesimama na kulia.

Nyuma ya hukumu hiyo kuna mazungumzo ninayoyakumbuka sana. Rava, mmoja wa wanazuoni wa Talmudi, alikuwa akimfuata Rav Nahmani sokoni ("Rav" ni cheo, kama Rabi), akamuuliza: mtu akiokota mfuko wa fedha hapa, inakuwaje? Ni wake. Na mwenyewe akija na kutaja alama zake? Bado ni wake. Lakini huyo mwenyewe si amesimama anapiga kelele? Rav Nahmani akajibu: amekuwa kama mtu anayelilia nyumba yake iliyoanguka, au merikebu yake iliyozama baharini.

Jibu hilo ni gumu, lakini halina dharau. Aliyezamiwa na merikebu ana haki ya kulia, na hakuna anayemnyamazisha. Ila kilio hakiirudishi juu ya maji.

Kukata tamaa kunahusianaje na umiliki?

Neno lake ni ye'ush. Mwenye mali anapokiri moyoni au kwa mdomo kwamba kitu kimekwenda, anaposema "ole wangu, nimepata hasara", mkono wake umekiachia. Anayekiokota baada ya hapo ameokota kitu kisicho na mwenyewe.

Rava na mwanazuoni mwenzake Abaye walibishana: itakuwaje mwenyewe akiwa bado hajui kwamba kitu kimepotea, ingawa angejua angekata tamaa papo hapo? Rava alisema kukata tamaa huko kunahesabiwa. Abaye alikataa: asiyejua hajakata tamaa. Katika mabishano yao sheria kwa kawaida humfuata Rava, isipokuwa mahali sita tu, na hapa ni mojawapo. Abaye ndiye aliyeshinda.

Kwa bahari na mafuriko, hata hivyo, wengi wa wafafanuzi wanaona hoja ya aya inatosha yenyewe. Hakuna haja ya kuingia moyoni mwa mtu. Ndiyo maana kelele zake hazibadilishi kitu.

Mto umebeba mbao na mawe yangu, ukayaacha shambani kwa jirani. Je, nimevipoteza?

Hili ni tukio la kawaida la mafuriko, na Talmudi inalitaja karibu kwa maneno hayohayo. Ikiwa umekaa nyumbani bila kuvifuata, ni vya jirani. Ikiwa uliufuata mto, unakimbia kando ya ukingo huku unaziona mbao zako zikizama na kuibuka, jirani lazima akurudishie. Mwenye mbio hizo hajakata tamaa.

Kumbuka kwamba hapa tunazungumzia mali inayoweza kuokolewa kwa taabu. Inayookolewa kwa urahisi hubaki yako hata kama hukukimbia.

Ikiwa sheria inampa mwokoaji, kwa nini marabi walisifu kurudisha?

Kwa sababu walijua kwamba haki na wema si kitu kimoja, na hawakutaka mtu ajifiche nyuma ya haki yake.

Rav Yehuda alikuwa akitembea nyuma ya Shmueli katika soko la nafaka zilizopondwa. Akauliza kama Rava alivyouliza: aliyeokota mfuko hapa, inakuwaje? Ni wake. Na mwenyewe akija na alama? Lazima amrudishie. Mwanafunzi akashangaa: yote mawili? Shmueli akasema ni "lifnim mishurat hadin", ndani ya mstari wa sheria. Kisha ikatajwa habari ya babake Shmueli, aliyekuta punda jangwani na kuwarudisha kwa wenyewe baada ya miezi kumi na miwili. Hebu fikiria mwaka mzima wa kulisha na kunywesha wanyama ambao kisheria alikuwa na uhuru wa kuwaita wake. Talmudi haisemi wenyewe walimwambia nini.

Usemi huo wa "ndani ya mstari" naupenda. Mstari wa sheria umechorwa kama ukingo wa shamba, na mtu mwema hasimami juu ya ukingo, huingia ndani, mbali na mpaka wa haki yake. Mwandishi wa Kiswahili hushawishika kutafsiri "zaidi ya sheria", lakini picha yenyewe ni ya kurudi nyuma kwa hiari.

Na si pambo la watakatifu wachache. Katika Bava Metzia 30b Rabi Yohanan anasema Yerusalemu uliangamizwa kwa sababu watu wake walihukumiana kwa sheria tupu na hawakuingia ndani ya mstari. Unaposoma maneno hayo kurasa chache baada ya hukumu ya bahari, unaelewa kwamba waliompa mwokoaji haki hiyo ndio walioogopa zaidi mji ambao kila mtu anaitumia.

Je, kurudisha kunaweza kuwa lazima, si hiari?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanaosoma nusu ya mada hupotea. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, Poland, aliyefariki mwaka 1572 na anayejulikana kwa kifupi cha Rema, aliongeza maneno yake palepale Karo alipoandika kwamba mali ni ya mwokoaji. Anasema ni vyema na ni adili kurudisha. Kisha anaendelea: ikiwa mfalme au mahakama ya marabi imeagiza, basi ni lazima. Msingi wake ni kanuni mbili. Ya kwanza ni ya Shmueli yuleyule, "dina demalkhuta dina", sheria ya ufalme ni sheria. Ya pili ni kwamba mahakama ina mamlaka ya kuhamisha umiliki wa mali.

Anatoa mfano: merikebu ilizama, watu wasio Wayahudi wakaokoa shehena na kuiuza, na jumuiya za Kiyahudi zikaamuru kwamba yeyote atakayenunua lazima airudishe kwa wenyewe, naye arudishiwe kile alicholipa tu. Kisheria wanunuzi wale wangeweza kusema, "Imetoka baharini, ni yetu." Jumuiya zilikataa. Wafanyabiashara waliojua kwamba kesho itazama merikebu ya kwao walikubaliana mapema.

Je, nina wajibu wa kuokoa mali ya jirani, au naruhusiwa kutazama tu?

Una wajibu, mradi bado kuna kinachookoleka. Maneno "kila kilichopotea cha ndugu yako" yalisomwa kujumuisha hata ardhi: ukiona maji yanakuja kufunika shamba lake, uyazuie. Kwa hiyo mtu hawezi kusubiri mali ya jirani izame kabisa ili aje aizoe kwa haki ya bahari.

Ikiwa mali yako na yake zote ziko hatarini, yako hutangulia. Lakini Rav Yehuda, akimnukuu mwalimu aliyeitwa Rav tu, aliongeza onyo: mwenye kulishikilia hilo kwa ukali katika kila jambo, mwishowe umaskini humfikia.

Mwokoaji anadai malipo gani?

Bava Kama, kitabu kingine cha Talmudi, sura ya kumi, inatoa visa viwili. Watu wawili wanakutana njiani, mmoja amebeba mtungi wa divai, mwingine mtungi wa asali. Mtungi wa asali unapata ufa. Asali ni ghali, na inaanza kuchuruzika mchangani. Mwenye divai anamwaga divai yake na kukinga asali. Analipwa nini? Ujira wa kazi yake tu. Lakini kama kabla ya kumwaga alisema, "Naokoa asali yako, nawe utanilipa thamani ya divai yangu," lazima alipwe.

Kisa cha pili ni mto uliozoa punda wawili. Wako ana thamani ya mia, wa mwenzako mia mbili. Ukimwacha wako na kumwokoa wa mwenzako bila kusema neno, unapata ujira tu. Ukisema kwanza, unapata thamani ya punda wako. Unaweza kuuliza nani huweka masharti wakati maji yamemfika punda shingoni. Jibu ni kwamba maneno machache yanatosha, na bila hayo hakuna ajuaye kama uliacha mali yako kwa makubaliano au kwa ukarimu.

Wanafunzi hawakuishia hapo. Tuseme wenye punda waliweka sharti, mwokoaji akashuka majini, akashindwa kumtoa punda: anapata ujira tu. Na kama alishuka kumwokoa wa mwenzake, na wakati huohuo punda wake akatoka mtoni mwenyewe? Jibu la Rav: mbinguni wamemhurumia. Malipo anapata, na punda wake ni wake.

Na simba? Kweli kuna mtu aliyeokoa kitu kwa simba?

Kuna habari ya Rav Safra, na inafaa kusimuliwa polepole. Alikuwa akisafiri na msafara, simba akawa anawafuata. Kila usiku wasafiri walimtupia punda wa mmoja wao kwa zamu, simba akala, wakapata kulala. Ikafika zamu ya Rav Safra. Akamtoa punda wake, simba hakumla. Asubuhi Rav Safra akawahi kumshika na kumfanya wake tena.

Baadaye Rav Aha wa Difti aliuliza: kwa nini alihitaji kummiliki upya? Alipomwachia, alimwachia simba, hakumwachia kila mtu. Ravina akajibu kwamba Rav Safra alifanya hivyo kwa tahadhari tu. Swali hilo ni zito. Unapoacha kitu kwa sababu ya hofu, umemwachia nani? Aliyelazimishwa kuacha nyumba yake ili asiuawe hakuigawa kwa majirani.

Msafara mzima ukivamiwa, na mmoja akaokoa mizigo, anagawana na wenzake?

Rav Ashi aliliweka sawa hivi: ikiwa ingeokolewa kwa taabu, na huyo aliyejitosa akatangaza kwamba anajiokolea mwenyewe, ni yake. Asipotangaza, ni ya wote. Wale waliosikia tangazo na wakabaki wamekaa ndio waliokata tamaa.

Chombo kikikaribia kuzama, mizigo ya nani inatupwa?

Hesabu hufanywa kwa uzito, si kwa thamani. Mwenye kilo mia za chuma na mwenye kilo mia za hariri wanatoa sawa, kwa sababu kinachozamisha chombo ni uzito. Lakini Talmudi inaongeza kwamba desturi ya mabaharia isibadilishwe, na nahodha yeyote ataipenda nyongeza hiyo.

Kuna pia kisa cha mtu aliyempandisha punda kwenye kivuko kabla ya abiria kupanda. Kivuko kikaanza kuzama, abiria mmoja akamtosa punda mtoni, punda akafa maji. Mwenye punda akashtaki kwa Rabba (mwanazuoni mwingine, si Rava). Kwa kawaida mtu anayejiokoa kwa mali ya mwenzake lazima alipe. Hapa Rabba alimwachilia aliyetosa, kwa sababu punda, au aliyempandisha, ndiye aliyewahatarisha watu tangu mwanzo.

Walikuwa na kitu kama bima?

Walikuwa nacho, kwa umbo ambalo mwana ushirika wa leo atalitambua. Wenye merikebu waliruhusiwa kukubaliana kwamba atakayepoteza chombo atapewa kingine na wenzake, na wenye punda wa mizigo vivyo hivyo. Aliyepoteza kwa uzembe hapewi. Aliyepeleka merikebu mahali ambapo merikebu haziendi, naye hapewi.

Nyumba ikiungua siku ya Sabato, nani anachukua chakula kilichookolewa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Siku ya Sabato mwenye nyumba inayoungua anaruhusiwa kutoa chakula cha milo mitatu tu. Sababu yake ni ya kibinadamu: mtu aliyeshikwa na wasiwasi juu ya mali yake, ukimruhusu abebe kila kitu, atajisahau na kuuzima moto, jambo ambalo limekatazwa Sabato maadamu hakuna uhai hatarini. (Penye uhai hatarini, Sabato huvunjwa bila mjadala.)

Basi anasimama uani, moto uko darini, gunia la ngano na mitungi ya mafuta viko ndani. Mishna, mkusanyiko wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inamfundisha la kusema: awaite majirani, "Njoni mjiokolee." Hasemi "niokoleeni", anasema "mjiokolee". Kila jirani anatoa mahitaji yake mwenyewe, na kisheria anachotoa ni chake kabisa, maana mwenye nyumba amekiachia.

Kisha Mishna inaongeza sentensi fupi: na wakiwa na akili, watafanya naye hesabu baada ya Sabato. Hesabu gani, Talmudi inauliza, ikiwa mali ni yao? Rav Hisda alijibu kwamba ni mwenendo wa wacha Mungu. Rava hakuridhika: mcha Mungu wa kweli hachukui malipo ya kazi ya Sabato. Akaeleza kwamba anayezungumziwa ni mtu wa kawaida mwenye hofu ya Mungu, asiyetaka kunufaika na msiba wa mwenzake, lakini pia hataki kuhangaika bure. Huyo anarudisha chakula Jumamosi usiku na kupokea kitu kwa taabu yake.

Nimewasomea watu kisa hiki mara nyingi, na wengi hucheka kwa furaha kwa sababu wanamjua mtu huyo. Si malaika na si mnyang'anyi, ni jirani.

Vipi mali iliyochukuliwa na majeshi au wezi, kisha ikaokolewa au kununuliwa?

Anayeokoa kutoka kwa jeshi au majambazi anaimiliki ikiwa wenyewe wamekata tamaa. Kwa vyombo na vitabu kuna utaratibu maalumu. Mtu akitambua vitabu vyake mikononi mwa mwingine, na habari za wizi wake zilikwisha kuenea mjini, mnunuzi anaapa alilipa kiasi gani, analipwa hicho, na kitabu kinarudi. Bila habari za wizi, neno la anayedai halitoshi, maana huenda alikiuza mwenyewe.

Je, kuna mfano wa karibu na wakati wetu?

Mei 2003, wanajeshi wa Marekani walikuta katika ghorofa ya chini ya ardhi ya makao ya ujasusi ya Baghdad, iliyokuwa imejaa maji, vitabu vya Kiyahudi vipatavyo 2,700 na makumi elfu ya nyaraka. Kulikuwa na Biblia ya Kiebrania ya mwaka 1568, na nakala ya Talmudi ya Babeli iliyochapwa mwaka 1793. Fikiria picha hiyo: kitabu kilichoandikwa kando ya Frati na Tigri, chenye hukumu ya mto unaofurika, kikiwa chenyewe kimelowa maji Baghdad. Viligandishwa kwa barafu ili ukungu usivile, vikapelekwa Marekani, vikakaushwa, vikatengenezwa na kupigwa picha, na baadhi vikaonyeshwa Washington mwaka 2013.

Ni vya nani? Makubaliano ya mwaka 2003 yalisema virudishwe Iraq. Wayahudi wenye asili ya Iraq walipinga vikali. Zaidi ya 120,000 kati yao waliondoka mwaka 1950 na 1951, na serikali ikazuia mali walizoziacha. Mtu anayeshika hukumu ya bahari peke yake atasema maji yalifuta umiliki wote. Kwangu hilo ni kosa. Vitabu hivyo havikuanza kupotea maji yalipoingia. Vilianza kupotea kwa kunyang'anywa, na mwenye kunyang'anywa anafanana zaidi na Rav Safra kuliko na aliyezamiwa na merikebu.

Naweza kuitumia sheria hii huku kwetu baada ya mafuriko?

Hapana, na sheria yenyewe ndiyo inayokujibu: sheria ya nchi ni sheria. Ukikuta friji ya mtu imeegemea ukuta wako baada ya maji kupungua, mjulishe mwenyekiti wa mtaa au polisi. Msomaji Mwislamu anaijua pia fiqhi ya lukata, inayomtaka mwokotaji kutangaza kwa mwaka mzima. Ni mfumo mwingine, wenye hoja zake, ingawa mwaka huo hunikumbusha punda wa babake Shmueli.

Mwokoaji anaweza kuhifadhi bila kumiliki?

Anaweza, na mfano mzuri uko London. Februari 1964, gombo za Torati 1,564 kutoka jumuiya za Bohemia na Moravia, ambazo nyingi ziliangamizwa na Wanazi, zilifika kutoka Prague katika sinagogi la Westminster. Zililazwa sakafuni na kwenye rafu, nyingine zimeungua ukingoni, nyingine zimelowa. Waliozipokea wangeweza kujenga hoja ya umiliki, maana wengi wa wenyewe hawakuwapo tena duniani hata wa kuulizwa kama wamekata tamaa. Badala yake wakazipa namba, wakazitengeneza zilizotengenezeka, na kuzitawanya kwa jumuiya duniani kote kwa mkopo wa kudumu. Sinagogi linalopokea gombo halilinunui wala haliwezi kuliuza, na huombwa kulikumbuka jina la mji lilikotoka.